Uvimbe wa figo wa binti yangu: dawa ipo, mbona daktari anasema tusubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 19. Alianza kifafa akiwa mchanga, anatumia kabamazepini. Usoni ana vipele ambavyo tumevitibu miaka yote kama chunusi. Mwaka huu imegundulika ana tuberasi sklerosisi, na MRI imeonyesha uvimbe kwenye figo zote mbili, mkubwa kuliko yote una sentimita 2.4. Wamesema si saratani. Nimesoma kwamba utafiti umeleta dawa ya everolimasi inayopunguza uvimbe huo, lakini daktari wake anataka tusubiri. Tunasubiri nini? Na akishaanza, uvimbe ukipungua anaweza kuacha? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na poleni. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba jibu la kwanza: akiacha, uvimbe hurudi.

Tuberasi sklerosisi hutokana na hitilafu kwenye jeni moja kati ya mbili: TSC2, iliyotambuliwa mwaka 1993, au TSC1, iliyofuata mwaka 1997. Protini za jeni hizi hushikana, na kazi yao kubwa ni kuizuia protini nyingine iitwayo mTOR, ambayo huiamuru seli ikue na kugawanyika. Binti yako ana nakala moja mbovu ya jeni hiyo na moja nzima. Seli nyingi zinatosheka na hiyo nzima. Lakini hapa na pale seli moja ya figo, au ya ngozi, hupoteza hata nakala ile iliyobaki, na mTOR inakosa wa kuizuia. Uvimbe huanzia hapo. Ndiyo maana hata ndani ya familia moja, kwa hitilafu ileile, mmoja anaweza kuwa na vipele vichache tu na nduguye akasumbuliwa na kifafa kisichotulia.

Everolimasi ni ndugu wa sirolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa Kisiwa cha Pasaka, huko Pasifiki, mwaka 1964. Mwanzoni walitafuta dawa ya fangasi. Ikaja kuwa dawa ya waliopandikizwa figo. Zote mbili hufanya kile ambacho protini za TSC zimeshindwa kufanya: huikamata mTOR. Jeni yenyewe haziigusi.

Matokeo yake yalionekana wazi katika utafiti wa sirolimasi uliochapishwa Marekani mwaka 2008. Baada ya mwaka mmoja wa dawa, uvimbe wa figo ulikuwa umepungua kwa wastani hadi karibu nusu ya ujazo wake wa awali. Dawa ikasimamishwa. Mwaka uliofuata uvimbe ulikuwa umekua tena hadi takriban asilimia 86 ya pale ulipoanzia. Kisha mwaka 2013 yakatoka matokeo ya everolimasi kwa wagonjwa 118: katika kila 100 waliopewa dawa, 42 uvimbe wao ulipungua kwa nusu au zaidi, kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo kuanza ni kuanza jambo la miaka mingi, na si dawa nyepesi. Vidonda vya mdomoni ni vya kawaida sana, lehemu hupanda, kinga hushuka, na kwa wasichana hedhi inaweza kuvurugika. Uvimbe wa aina hii ni mchanganyiko wa mafuta, misuli na mishipa dhaifu ya damu. Hatari yake kubwa ni kupasuka na kuvuja damu, na hatari hiyo huongezeka kadiri unavyokua. Mwongozo wa kimataifa unashauri dawa pale uvimbe usio na dalili unapozidi sentimita 3 huku ukiendelea kukua. Kwa 2.4, nami ningesubiri, ila ningetaka MRI nyingine baada ya mwaka, na presha ipimwe kila anapokuja kliniki.

Hujaniambia kama kifafa kimetulia. Hilo linaweza kugeuza uamuzi wote, kwa sababu utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha everolimasi hupunguza pia kifafa cha ugonjwa huu kwa wale ambao dawa nyingine zimewashinda. Kama bado anaanguka, mwambie daktari wake. Ila kabamazepini huchochea ini kuiondoa everolimasi haraka mwilini, kwa hiyo dozi itabidi ipangwe kwa kupima kiwango cha dawa kwenye damu. Msimwachishe kabamazepini wenyewe! Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hufanya vivyo hivyo; juisi ya balungi hufanya kinyume, dawa inazidi.

Vile vipele, naamini ukivitazama kwa karibu utaona ni laini juu lakini vigumu kidogo ukigusa, vinaanzia pembeni mwa pua kwenda mashavuni, na havitoi usaha. Dawa za chunusi haziviwezi. Sirolimasi ya kupaka ipo, na hiyo haisubiri figo.

Jambo ambalo hukuuliza: kwa kuwa ni msichana aliyepita miaka 18, apigwe CT ya mapafu hata kama hana kikohozi, maana ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kwenye mapafu. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aviepuke.

Wakati mnasubiri, akipata maumivu makali ya ghafla ubavuni, mkojo wa damu, au jasho na kizunguzungu, mkimbizeni hospitali kubwa usiku huohuo. Semeni mlangoni kabisa kwamba ana uvimbe wa figo wa tuberasi sklerosisi. Damu hiyo mara nyingi huweza kuzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na daktari asiyejua historia yake anaweza kuitoa figo nzima.