Zile ndoo siyo mshahara

Mdogo wangu,

Nasikia picha yangu imezunguka ukoo mzima: nimechuchumaa msituni, ndoo mbili zimejaa matunda meusi, nacheka. Nasikia pia umeshaongea na wakala hapo Moshi mjini anayesema Finland wanatafuta wachumaji wa matunda pori, na uko tayari kuuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, ili umlipe. Basi nisikilize dada yako.

Zile ndoo siyo mshahara. Yale matunda pori, mustikka, niliyachuma siku yangu ya mapumziko nikayaweka kwenye friza. Huku Finland mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaruhusiwa kuingia msitu usio wake akachuma matunda pori, mradi asisogelee ua wa nyumba ya watu wala asiharibu kitu. Halipi ada. Hata akiyauza aliyoyachuma mwenyewe hakatwi kodi. Hayo ni kweli, na pengine ndiyo wakala aliyokupamba nayo. Ambacho hakukwambia ni kwamba wanaoletwa kuchuma kwa biashara, kwa miaka mingi wengi wao kutoka Thailand, walikuwa wanajilipia tiketi, malazi na mafuta ya gari, kisha wanalipwa kwa kilo. Msimu ukiwa mbaya mtu alikuwa anarudi kwao na deni. Kesi za usafirishaji haramu wa binadamu zimefika mahakamani huku kwa biashara hiyo hiyo.

Ada ya mwanao haikutoka msituni. Imetoka kwenye zamu za usiku, nyumba ya wazee, kuwageuza vitandani na kuwabadilisha nepi. Ukiwaeleza watu, waeleze na hilo.

Lakini kile kicheko ni cha kweli. Hapa mjini Oulu, mwezi wa Desemba, jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi, na saa nane na kidogo mchana limeshazama. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani, mpaka sala unaisali kwa mazoea tu. Halafu Juni inaingia na usiku haupo. Kuna vipande vya bustani vinavyokodishwa kwa ada ndogo ya mwaka, na mimi nina changu. Nina viazi, vitunguu na sukuma wiki inayoshamiri ajabu. Maharage yanasubiri Juni ianze, maana baridi ya usiku mmoja inayaunguza yote. Bibi wa kipande cha jirani si msemaji. Asubuhi moja nilikuta ameniachia miche ya stroberi kwenye mkebe, na udongo umeshaloweshwa.

Julai ikielekea mwisho, mustikka zinaiva. Mbu ni wengi, ingawa hawana malaria. Tunda lenyewe ni dogo, ukilipasua linatoa maji mekundu yaliyokolea, na vidole, meno, ulimi, vyote vinabadilika rangi kama tulivyokuwa tukitoka kwenye mzambarau. Nikiwa nimepiga magoti pale, nashukuru kwa sauti. Namshukuru Mungu kwa mikono inayofanya kazi na kwa mama aliyetupeleka kupalilia tukilia. Pasipo bustani ile na msitu ule, sidhani ningekuwa bado huku.

Kwa hiyo usije kwa njia ya huyo mtu. Na kihamba usiguse! Baba amelala pale. Migomba inazaa mwaka mzima, mfongo, ule mfereji wa maji, unapita hatua chache kutoka jikoni, na unataka kubadilisha hivyo na kuinama kwenye msitu wa watu kwa wiki chache? Mimi nakodi udongo wa miezi minne, ndugu yangu.

Ukipata nafasi ya uuguzi kwa njia inayoeleweka, njoo. Nitakupokea uwanja wa ndege, utalala kwangu, tutachuma wote mpaka mgongo ugome. Ila usije na deni. Na baridi usiiogope, koti linanunuliwa. Au baki, nikusaidie mbegu na mbolea, hiyo hela naiweza. Sijui kipi nakitaka zaidi, maana nina hamu na wewe.

Huyo wakala mwambie akupe mkataba wenye jina la mwajiri, malipo kwa saa, na nani analipa tiketi. Upige picha unitumie, niuulizie huku kabla hujatoa hata shilingi. Na mama usimwambie habari ya kuuza, presha yake haijatulia.