Kabla hujabishana na takwimu, andika bei za jikoni kwako

Kila zikitoka ripoti zinazosema umaskini duniani umepungua, watu wanagawanyika pande mbili, mmoja anasema uongo mtupu maisha yamepanda, mwingine anasema namba hazidanganyi. Mimi naona wanaongelea vitu viwili tofauti, na mwenye familia asipovitenganisha anaumia, atakaa anasubiri hali ibadilike wakati kuna hela inavuja humo humo ndani kwake kila siku. Naishi Mbagala, Dar es Salaam, nalea watoto, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa hiyo hela ndogondogo nazijua vizuri zinaendaje.

Tuanze na za dunia. Benki ya Dunia mwaka 1990 walianza na kile kipimo cha umaskini cha dola moja kwa siku, kikawa kinapanda panda mpaka Juni 2025 wakakifikisha dola 3. Kwa kipimo hicho walio kwenye umaskini uliokithiri ni kama watu milioni 808, karibu mtu mmoja kati ya kumi, wakati 1990 walikuwa zaidi ya bilioni 2. Kwa hiyo umeshuka kweli, tena sana, ila sehemu kubwa ni China na wenzao wa Asia. Huku kwetu kusini mwa Sahara hata asilimia ikipungua watu tunaongezeka, ndo maana sasa hivi walio wengi kati ya hao maskini wa dunia wako Afrika. Na jamani hizo dola 3 usizibadilishe kwa bei ya dukani kwa wabadilisha fedha halafu ukasema mbona mimi napata zaidi, hizo ni za kulinganisha uwezo wa kununua, maana yake ni kile ambacho dola 3 zingenunua ukiwa Marekani.

Za nyumbani ndo zinanigusa zaidi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Gawanya kwa siku thelathini unapata 1,644. Kipindi kile nauli ya daladala njia fupi hapa Dar ilikuwa 400, ilipofika Desemba 2023 ikawa 600, yaani kwenda na kurudi 1,200. Sasa mtu aliyekuwa juu kidogo tu ya ule mstari, nauli peke yake imemfanya nini? Mstari nao husogezwa bei zikipanda, sawa, lakini kipato cha mama anayeuza vitumbua hakisogezwi na mtu.

Halafu kuna hii ya mfumuko wa bei. Tangu 2021 wastani wetu kwa mwaka umekuwa kati ya asilimia 3 na 5, na watu wengi wakisikia hivyo wanakasirika. Ukweli ni kwamba lile kapu la bidhaa wanalopimia limechukua bei za nchi nzima, na tangu 2021 chakula na vinywaji baridi mle ndani vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Wewe jiulize, kwenye hela inayoingia kwako chakula kinakula robo na kitu tu? Kwa familia nyingi ninazozijua kinakula zaidi ya nusu. Mtaalamu wa takwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alishaliona hilo tangu 1857, familia ikiwa maskini zaidi ndo sehemu kubwa zaidi ya hela inaishia kwenye chakula. Kwa hiyo unga, mchele na mafuta vikipanda kwa pamoja, mfumuko wa kwako wewe ni mkubwa kuliko wa kwenye taarifa ya habari, na hakuna atakayekupimia, lazima ujipimie.

Ndo naposema nunua kidaftari. Mwezi mmoja andika kila kitu, sio kiasi tu, andika na kipimo ulichonunulia, hapo ndo pa muhimu. Ukiandika "mafuta 500" haikusaidii, andika umepimiwa kiasi gani. Mwisho wa mwezi jumlisha uone lita moja imekugharimu shilingi ngapi, halafu nenda kaulize bei ya dumu. Kwenye kikoba tulipofanya hili zoezi kina mama walinyamaza, maana ilionekana wazi mwenye hela ndogo ndo ananunua kitu kile kile kwa bei ya juu kuliko mwenye gari. Mkaa wa kopo, unga wa robo, sabuni ya kipande, vyote hivyo hivyo. Mangi wa dukani simlaumu, anakaa na mzigo, anapima kidogo kidogo na anatukopesha, gharama yake lazima airudishe.

Sasa kutoka kwenye kipimo kidogo usijaribu kwa vitu vyote, utashindwa wiki ya kwanza. Chagua kitu kimoja kisichoharibika, tuseme unga. Hela ya mgao wa kikoba au ya kibubu ikipatikana nunua kiroba cha kilo 25, halafu, na hapa ndo wengi wanapoangukia, endelea kujiuzia. Kila siku unayosonga ugali weka kwenye kibubu ile ile hela ambayo ungempelekea Mangi. Kiroba kikiisha una hela ya kiroba kingine na chenji juu, hiyo chenji ndo inaanza kutafuta dumu la mafuta. Ukiacha kujiuzia, ile hela italiwa na vocha na soda na mwezi ujao umerudi kupimiwa. Sukari mimi siishauri, ikiwa nyingi ndani inatumika nyingi.

Kama huna hata ya kiroba ungana na wenzako. Sisi tunachangishana, wawili wanaenda soko la Tandale kuchukua gunia la mchele au maharage, nauli ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, tunagawana. Gawaneni kwa mizani ya kilo, kupimiana kwa kopo la sado kunaleta ugomvi. Na angalieni msimu, mahindi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini yanaanza kuvunwa kama Mei, ukinunua Julai au Agosti unapata nafuu, ukisubiri Januari unakutana na bei ya juu na watoto wanarudi shule. Ada ilifutwa tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongezewa wa cha tano na sita, lakini sare na madaftari na viatu bado ni vyako. Ukiweka maharage tumia ile mifuko isiyopitisha hewa, bila hivyo wadudu wanakula faida yote.

Kinachobomoa mipango yote hii ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali juu anataka ya mwezi mmoja. Ongea na mwenye nyumba mapema, wakati huna deni lake, muombe miezi mitatu mitatu, baadhi wanakubali kwa mpangaji wanayemjua.

Akikataa, nakusihi dada yangu, kaka yangu, usikimbilie kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wala aplikesheni za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, na nimeona watu wakinyang'anywa friji na TV zao zikauzwa kwa deni lililoanza kama la ada ya mtihani. Kama una biashara, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha vikundi bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimama 2023 ikarudi 2024. Lazima kikundi kisajiliwe na kiwe na katiba na akaunti ya benki, kwa hiyo anzeni na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mchukue fomu, na mbebe kile kidaftari maana atawauliza mnaingiza na kutumia kiasi gani.