Kikashmiri na Kiserbia ni ndugu wa mbali: jibu kwa aliyeuliza ipi itamsumbua zaidi Mswahili

Ndugu uliyeuliza kama lugha za Kikashmiri na Kiserbia zina uhusiano wowote, na ipi itamtoa jasho zaidi mtu aliyekulia katika Kiswahili, nitakujibu kwa kadiri nilivyoishi nazo. Kiserbia nilifundishwa darasani Novi Sad, kwa kuwa mgeni anayesoma Serbia kwa ufadhili wa serikali huanza na kozi ya lugha kabla ya kuingia kwenye fani yake. Kikashmiri nilikipata baadaye Matrah, Oman, katika duka la shali na vilemba, maana vilemba vya Waomani vilivyo bora ni vya sufi ya Kashmiri na wengi wa wenzangu dukani walikuwa watu wa Srinagar, mji mkubwa wa Kashmiri upande wa India.

Uhusiano upo, ila ni wa ukoo mpana sana. Zote mbili ni za familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya: Kiserbia kiko katika tawi la Kislavoni, upande wa kusini, na Kikashmiri katika tawi la Kihindi, kwenye kundi ambalo wataalamu huliita la Kidardi. Undugu huo huonekana vizuri katika namba. Tatu ni tri kwa Mserbia na tre kwa Mkashmiri; kumi ni deset kwa huyu na dah kwa yule; mia ni sto na hath, ambazo hazifanani hata kidogo mpaka ujue kwamba sauti ya kale ya aina ya s, katika maneno mengi ya Kikashmiri, imegeuka kuwa h. Undugu wa lugha huthibitishwa na mabadiliko ya namna hiyo yanayojirudia kwa utaratibu, hata pale masikio yanaposema hapana.

Ninasisitiza hilo kwa sababu mchangiaji mmoja hapo juu ameorodhesha chai, sanduku na duka kama ushahidi wa undugu. Mserbia husema čaj, sanduk na dućan, na Mkashmiri naye ana chai na sanduk, lakini maneno haya ni ya kuazima. Kiserbia kiliyapata kwa njia ya Kituruki wakati wa utawala wa Waosmani, ambao waliiteka Smederevo mwaka 1459 na Belgrade mwaka 1521, ilhali Kashmiri iliyapokea kwa njia ya Kiajemi, kilichokuwa lugha ya watawala na wasomi tangu enzi za masultani wa karne ya 14. Kwa kipimo hicho hata Kiswahili kingekuwa ndugu yao. Wako pia wanaodai kwamba Kikashmiri kimetokana na Kiebrania, dai ambalo halina msingi wowote katika sarufi yake, na sisi tulioambiwa kwa miaka mingi kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa tunapaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka.

Kilichonivutia zaidi ni jambo ambalo wala halikutokana na ukoo wao, nalo ni umuhimu wa nafasi ya pili katika sentensi. Katika Kikashmiri, kitenzi chenye kubeba wakati na nafsi hukaa nafasi ya pili, tofauti na Kihindi na Kiurdu ambako hukaa mwisho. Mwanamume anayesema kwamba anakula wali atasema, kwa tahajia yangu ya kukadiria, bi chus bata khyavan. Akitaka kuanza na neno la leo, atasema az chus bi bata khyavan, yaani chus haibanduki mahali pake na badala yake neno la mimi ndilo linalosogea. Utaratibu huu una upenyo wake, kwa maana katika swali kama tsi kya chukh karan, unafanya nini, neno la kuuliza husimama mbele ya kitenzi na kukisukuma hadi nafasi ya tatu.

Kiserbia hakina sharti hilo kwa kitenzi kikuu, ambacho huzunguka karibu kitakavyo. Kinacholazimika kukaa nafasi ya pili ni kikundi cha maneno mafupi yasiyo na mkazo: kitenzi kisaidizi, anayepewa na kinachotolewa, kwa mpangilio maalumu. Nilimpa hicho ni dao sam mu ga, na jana nilimpa ni juče sam mu ga dao. Ukidhani umeelewa, unagundua kwamba kisaidizi cha nafsi ya tatu, je, hukataa kutangulia, badala yake huenda mwisho wa kikundi: juče mu ga je dao. Mwalimu wetu hakuwa na huruma katika jambo hili, na alikuwa na haki, kwa sababu mgeni hutambulika hapo hata kama msamiati wake ni mpana.

Kuhusu mzigo wa sarufi, Kiserbia huuweka zaidi kwenye nomino. Kitabu ni knjiga, lakini nina kitabu ni imam knjigu na bila kitabu ni bez knjige, na kuna maumbo 7 ya uhusika, yaani ya kuonyesha kazi ya nomino katika sentensi, ya kuzingatia, yakiambatana na jinsia 3. Mswahili aliyezoea ngeli hashangazwi na upatanisho, bali huchoshwa na kubadilika kwa mkia wa nomino yenyewe. Juu ya hayo kuna vitenzi vya jozi, kama pisati na napisati, vyote kuandika, kimoja kwa tendo linaloendelea na kingine kwa tendo lililokamilika. Kwangu hili lilikuwa gumu kuliko uhusika wote.

Kikashmiri kina uhusika pia, kwa kawaida huhesabiwa 4, lakini uzito wake uko kwenye kitenzi, na hapo Mswahili hujisikia nyumbani kidogo. Kitenzi hubeba viambishi vya mtenda na mtendwa, jambo ambalo kwetu sisi tunaosema nilimwona si geni, ingawa vyao huja mwishoni. Ugeni uko katika wakati uliopita: kitenzi chenye shamirisho hupatana na kile kilichotendwa badala ya mtenda, na mtenda hupewa umbo lake la pekee. Tena, lugha zote mbili humlazimisha msemaji kutaja jinsia yake anapojizungumzia: mwanamume wa Srinagar ni chus na mwanamke ni chas, kama vile Mserbia wa kiume anavyosema radio sam, nilifanya kazi, na wa kike radila sam.

Kwa upande wa sauti sina mengi. Kiserbia kina irabu 5, zilezile za kwetu, na r yake inayobeba silabi katika prst au krv haitamshinda mtu anayetamka mtu na mbwa. Lafudhi yake ya kupanda na kushuka ndiyo sikuwahi kuimudu. Kikashmiri kina irabu 8, kila moja fupi na ndefu, pamoja na konsonanti laini na ngumu ambazo zingemkumbusha mtu Kirusi kuliko Kiserbia.

Kwa hiyo, ukinibana nichague, nitasema Kikashmiri ndicho kitakachokusumbua zaidi, na sababu kubwa iko nje ya sarufi. Kiserbia kina tahajia iliyosawazishwa na mtaalamu wa lugha Mserbia, Vuk Karadžić, aliyetoa kamusi yake mwaka 1818, na herufi zake 30, kwa Kisirili au kwa Kilatini, husomeka kama zilivyoandikwa. Kikashmiri huandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa alama za irabu, na baadhi ya Wahindu wake hutumia Devanagari, herufi za Kihindi. Kilipata hadhi rasmi Jammu na Kashmiri mwaka 2020 tu, baada ya muda mrefu wa kutawaliwa na Kiurdu maofisini na shuleni. Matokeo yake ni kwamba wenzangu wengi walikizungumza vizuri sana bila kuweza kukiandika, na kila nilipojaribu sentensi, walinijibu kwa Kiurdu kwa adabu. Ukiamua kukifuata, tafuta kwanza mtu atakayekubali kutokubadilishia lugha, kamusi itasubiri.