Taa za pikapu ya zamani zikigeuka njano, usikimbilie dukani

Hilux Vigo nyingi zinazobeba nyanya, saruji na mafundi hapa mjini zimeshafikisha umri wa kupiga kura. Injini bado inavuta, chesisi imeshachomelewa hapa na pale, lakini taa za mbele zimegeuka njano mpaka balbu yenyewe haionekani. Mwenye gari haoni kama kuna tatizo, kwa sababu giza halikuja kwa siku moja. Mwanga umepungua polepole, naye amekuwa akisogeza uso karibu na kioo cha mbele polepole, mpaka siku apite Mikumi usiku, aone macho mawili yanang'aa barabarani na asijue ni swala au nyati.

Nimezishughulikia taa za namna hii kwenye pikapu yangu na za jamaa zangu. Wengi wakifika kwa muuza spea wanaambiwa neno moja: "Bosi, hizo zimekufa, funga mpya." Mara nyingi hazijafa. Taa hupoteza mwanga kwa njia tatu tofauti, na kila njia ina dawa yake. Jua kwanza yako ni ipi.

Kile tunachokiita kioo cha taa, kwenye Vigo na pikapu nyingi za miaka ya 2000, si kioo. Ni plastiki ya polikaboneti. Ni nyepesi, na kokoto haiivunji ovyo, ila jua huila. Kwa hiyo kiwandani huipaka utando mwembamba, mgumu, wa kuikinga na miale ya jua. Gari likilala nje miaka kumi na kitu, utando huo unachoka, unapasuka vijinyufa usivyoviona, unabanduka vipandevipande, halafu plastiki ya chini yake inaanza kuungua. Ndiyo maana upande wa juu wa taa, unaopigwa na jua la mchana kutwa, hutangulia kuharibika. Na zile namba za gari tunazochonga kwenye taa kuwakomoa wezi zinaukata utando huo huo. Sisemi usichonge, maana taa iliyoibwa haina mwanga kabisa, ila chonga pembeni, mahali ambapo mwanga haupiti.

Kama yako ni Hilux ya zamani zaidi, zile za miaka ya 80 na 90 zenye taa za mstatili, gonga kwa ukucha. Nyingi ni kioo kweli, na kioo hakigeuki njano. Hapo msasa ni wa nini? Tatizo liko ndani au kwenye waya.

Kipimo changu cha kwanza hakina gharama: mwagia taa maji. Ikionekana safi zaidi ikiwa imelowa, halafu ikarudi ukungu ikikauka, ubovu uko juu ya ngozi na unasugulika. Ikibaki vilevile, chungulia ndani kwa tochi. Ukiona matone ya maji, mpira wa nyuma au gundi imeachia. Ukiona ile sehemu ya fedha inayorudisha mwanga, riflekta, imepauka, imebanduka au ina doa jeusi juu ya balbu, basi hata ukisugua plastiki mpaka ing'ae, utapata taa nzuri ya kutazamwa mchana na butu usiku. Kinachounguza riflekta mara nyingi ni balbu za wati 100 tunazofunga kwa uchu wa mwanga. Balbu ya kawaida ya H4, aina inayotumika kwenye taa nyingi hizi, ni wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa karibu), na soketi na nyaya zilipangwa kwa joto hilo.

Halafu kuna umeme, ambao watu husahau kabisa. Washa injini, washa taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye miguu ya balbu yenyewe ikiwa inawaka. Betri ikisoma 14 na balbu ikasoma 12 na kitu, mwanga umeshapotea njiani. Kwenye balbu za halojeni, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mara nyingi dawa ni kufungua waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, kukwangua kutu, na kufunga upya kwa skrubu safi, au kubadilisha soketi iliyoungua. Ukiamua kufunga rilei, ile swichi ya umeme inayoipa balbu umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, mwambie fundi wako akumbuke kwamba Toyota nyingi za zamani hukatia umeme wa taa upande wa hasi. Fundi asiyelijua hilo atakufungia kitu kinachowaka fulu na dimu kwa pamoja, halafu aseme balbu ndiyo mbovu.

Tuseme sasa maji yameonyesha kwamba tatizo ni ngozi. Osha taa kwa sabuni, zungushia tepu ya karatasi kwenye bampa, boneti na mabawa, tena mizunguko miwili, kwa sababu msasa ukiteleza unakula rangi. Nunua msasa wa maji namba 600, 800, 1000 na 1500. Anza na 600. Kama utando wa kiwandani umebanduka kwa mabaka, hata 400 inaruhusiwa. Sugua ukinyunyizia maji yenye sabuni kidogo. Hapa tazama maji yanayoshuka: mwanzo yana rangi kama chai ya maziwa, njano njano, na hiyo ni ishara kwamba bado unatoa utando uliooza. Yakigeuka meupe, umefika kwenye plastiki yenyewe. Usiondoke kwenye 600 kabla maji hayajawa meupe taa nzima, hasa kwenye kona na ule ukingo wa juu ambao mkono huuchoka. Watu wakiharakisha hapa, matokeo ni taa safi katikati na nyusi za njano.

Kila ukipanda namba, geuza mwelekeo. Kama 600 ulisugua kwa ulalo, 800 sugua kwa wima. Ukifanya hivyo, mikwaruzo ya namba iliyopita utaiona na utajua imekwisha au bado. Mwishoni taa itakuwa na ukungu mweupe sawasawa, kama haijawahi kuwa taa. Mwenye gari akipita wakati huo atashika kichwa. Mwambie asubiri.

Kinachofuata ndicho kinachotenganisha kazi ya miaka na kazi ya miezi. Mafundi wengi wa kando ya barabara wakishasugua, wanapiga kompaundi, dawa ya kung'arishia, kwa mashine, taa inang'aa kama ya dukani, unalipa, unaondoka ukifurahi. Lakini utando wa kinga umeshautoa wote, na hujaweka mwingine. Plastiki iko uchi juani. Kwa jua la Dar, au Dodoma ambako hakuna hata mti wa kuegesha chini yake, unjano unarudi kabla hujasahau bei uliyolipa. Kusugua peke yake ni kuvua shati bovu. Lazima uvalishe jingine.

Shati hilo ni klia, ile rangi angavu inayopakwa juu ya rangi ya gari. Nenda kwa fundi rangi anayeaminika akuchanganyie kidogo klia ya magari na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ile ya sehemu mbili, iliyoandikwa kwamba inahimili miale ya jua. Ukipaka klia, usipige kompaundi kwanza. Ishia msasa wa 1000 au 1500, kwa sababu klia inahitaji mahali pa kushika, na yenyewe itajaza mikwaruzo. Futa taa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usifutie tina kali, ile ya kuzimulia rangi: inaweza kuipasua polikaboneti ndani kwa ndani, na nyufa hizo hazina dawa. Kwa sababu hiyo hiyo, pigo la kwanza la klia liwe jepesi sana, vumbi tu. Subiri kama dakika 10, ndipo upige lililolowa. Ukimwaga nzito mara moja, tina iliyomo itaingia kwenye plastiki kabla haijapaa hewani.

Fanya kazi hii asubuhi, upepo haujaanza, jua halijawa kali. Huku pwani, siku yenye unyevu mwingi klia inaweza kuganda na weupe ndani yake, kwa hiyo mvua ikinukia, ahirisha. Na vaa barakoa ya maana, siyo kitambaa cha puani. Hadina za klia nyingi zina isosianeti, zinazodhuru mapafu, na fundi rangi anayezipuliza kifua wazi miaka yote si mtu wa kuigwa katika hilo.

Dawa za mtaani tuzipitie haraka. Dawa ya meno ni msasa laini sana. Inasaidia kidogo kwa taa iliyoanza kufifia, basi. Dawa ya kupulizia mbu yenye DEET huyeyusha ngozi ya plastiki, ndiyo maana inang'aa papo hapo, kisha inabaki mbaya kuliko mwanzo, na ikidondokea rangi ya gari inaila. Mafuta ya breki ni hivyo hivyo. Ukimwona mtu mtandaoni akipaka mojawapo huku muziki ukipigwa, tazama kwa burudani.

Je, inalipa? Mwaka 2018 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizochakaa kikakuta zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosuguliwa zilirudi hadi kama asilimia 70. Taa mpya za viwanda vingine zilitoa kati ya asilimia 83 na 90, na za kiwanda cha gari ndizo zilizofika kamili. Mimi namba hizo nazisoma hivi: kwa pikapu ya mizunguko ya mjini, sugua na upake klia. Kwa inayokwenda Tunduma usiku, na riflekta zake zimepauka, usijidanganye, tafuta taa nzima.

Ukienda Gerezani, mtaa wa spea jijini Dar, kutafuta, utaonyeshwa za aina tatu: orijino, za Taiwan na China, na za mtumba. Za mtumba ndizo nilizo na neno nazo. Muulize muuzaji zimetoka nchi gani. Taa ya dimu haimulikii pande zote sawa. Upande wa pembeni mwa barabara mwanga hupanda juu kidogo ili uone watembea kwa miguu na vibao. Sisi tunaendesha kushoto, kama Japani, Thailand na Afrika Kusini, hivyo taa za huko zinatufaa. Dubai wanaendesha kulia. Ukifunga taa iliyovuliwa kwenye gari la Dubai, ule mwanga unaopanda unaingia moja kwa moja machoni mwa dereva wa basi anayekuja, naye atakujibu kwa fulu. Kwenye taa zenye alama ya herufi E ndani ya duara, angalia mshale: ukisimama mbele ya taa ukiitazama, mshale unaoelekea kulia kwako ni wa nchi za kuendesha kushoto. Wenye ncha mbili ni wa kote. Bila mshale, ni ya wanaoendesha kulia, irudishe mezani.

Uwe umesugua au umenunua, lenga taa upya. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, weka alama ya tepu ukutani kwa urefu wa katikati ya taa kutoka chini. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe kama sentimita 10 chini ya alama hiyo, na kona inayopanda iwe kushoto. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa, na kwenye gari la umri huu huenda zikahitaji mafuta na subira kabla hazijazunguka. Lenga gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pikapu ikipakiwa saruji, nyuma inakaa, pua inainuka, na taa zako ulizozihangaikia zinamulika matawi ya miembe. Kama dashibodi yako ina kile kirungu kidogo chenye namba cha kushusha taa, kizungushe ukipakia. Nimekuta pikapu ambazo vumbi la kirungu hicho ni la tangu gari lishuke bandarini.