Je, kubadili nadharia ya mvutano kunaondoa singulariti?
Ndugu, umeuliza kama singulariti ya shimo jeusi, yaani mahali ambapo mkunjo wa anga-wakati hukua bila kikomo, hutoweka tukibadili milinganyo ya Einstein. Si lazima. Katika modeli ya Starobinsky, inayoongeza R mraba (R ni kipimo kimoja cha mkunjo huo) kwenye nadharia ya Einstein, suluhisho la Schwarzschild la mwaka 1916, linaloeleza shimo jeusi lisilozunguka, hubaki halali, kwa kuwa R yake ni sifuri kila mahali nje ya kitovu. Hivyo kipimo cha Kretschmann, kipimo kingine cha mkunjo ambacho huongezeka mara 64 kila umbali kutoka kitovuni unapopungua kwa nusu, bado hukua bila kikomo. Shimo lisilo na singulariti alilolipendekeza James Bardeen mwaka 1968 (hapa wengi huchanganya mambo) halikubadili mvutano wenyewe: baadaye ilionyeshwa kwamba linaweza kutokana na uga wa sumaku usiofuata milinganyo ya kawaida ya Maxwell ya umeme na sumaku.