Barua kwa mwanangu: hiyo kliniki ya ADHD uliyoniuliza

Mwanangu Zaituni,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako niliuona, umeandika mstari mmoja tu, "Mama, wamenipa nafasi kwenye kliniki ya ADHD ya watu wazima huku Uingereza, hii ni udaktari kweli ama nitakaa tu nagawa vidonge?" Sasa jibu lake haliwezi kuwa mstari mmoja, we mwenyewe wajua mamako akianza.

Ni udaktari, tena ule wa zamani, wa kukaa na mtu umsikilize. ADHD, hiyo hali ya mtu kushindwa kuzingatia na kutulia, hakuna damu utapima ikwambie huyu anayo huyu hana, wala picha ya ubongo. Ile fomu ya WHO ya maswali 18 inakuonyesha tu pa kuanzia, mtu akijaza "mara nyingi sana" kila mahali usidhani umemaliza, siku hizi watu wanakuja wameshaangalia video kibao na majibu wanayo. DSM-5, kile kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, cha 2013, inataka mtu mzima awe na dalili 5 kati ya 9 za upande mmoja, ama za kutozingatia ama za kutotulia, mtoto ni 6, alafu zimsumbue nyumbani na kazini na sio kwa bosi mmoja tu, na kadhaa ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12. Hapo kwenye miaka 12 ndo utatoka jasho.

Huku kwetu anakuja mfanyabiashara wa Kikuubo, pale sokoni Kampala, ana miaka kama 40, anapoteza risiti, anaanza biashara tatu hamalizi hata moja, mke amechoka. Ukimuuliza alikuwaje akiwa P4, darasa la nne, anacheka, nani anakumbuka? Ripoti za shule zilishaliwa na mchwa, mama alishafariki. Basi namwambia mpigie shangazi yako, weka spika. Shangazi anasema, "Yule? Ukimtuma chumvi anarudi jioni, hana chumvi wala hela, na kiatu kimoja kimebaki uwanjani." Mi hiyo naipenda kuliko ripoti yoyote, manake hajui natafuta nini, anasema alichoona. Huko utapata mama anakuja na ripoti zote kwenye faili, lakini utapata pia waliokulia kwenye malezi ya serikali na waliokimbia vita, hao watafutie kaka, dada, jirani wa zamani. Na wasichana! Mtoto wa kiume anayeruka dirishani kila mwalimu anamkumbuka, yule msichana aliyekaa kimya mawazo yako mbali hakumsumbua mtu, anafika kwako mtu mzima ameshatibiwa huzuni miaka na miaka.

Alafu vinavyofanana nayo ndo vingi. Mtu halali usiku, mwingine anakoroma na pumzi inakatika, tezi ya shingo, wasiwasi, pombe, huku kwetu ongeza mairungi, yale majani ya kutafuna. Bipolar, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, iulizie kabisa kabla ya kuandika kitu, manake dawa za kuchangamsha zinaweza kumpandisha juu mtu ukashindwa kumshusha.

Haya, vidonge unavyovidharau. Mwongozo wa 2018 wa NICE, hao wanaoandika miongozo ya matibabu huko Uingereza, unasema mtu mzima aanze na lisdeksamfetamini ama methilfenideti, zikimkataa ndo unaenda atomoksetini. Presha, mapigo ya moyo na uzito kabla hujaanza, presha na mapigo tena kila ukibadilisha dozi, na uulize kama kuna mtu wa familia aliyeanguka akafa ghafla akiwa kijana. Unapandisha pole pole. Mtu anakwambia sasa namaliza kazi lakini sili na silali, hapo unashusha ama unabadilisha saa ya kumeza, hiyo sio kugawa pipi. Mi huku sina anasa hiyo, methilfenideti kamati ya WHO iliikataa kwenye orodha ya dawa muhimu 2019, kwa hiyo natumia zaidi alamu za simu, daftari na mke anayekubali kukumbusha bila kutukana.

Lakini kilicho kigumu huko sio dawa. Ni yule aliyesubiri foleni miaka, ameshaambia kazini, ameshawaambia wazazi, alafu we ndo unamwambia sio ADHD. Atalia ama atakasirika, na wengine wataandika malalamiko. Usimpe tu ili aondoke na furaha, na usimfungie mlango, mwambie unaona nini badala yake na umwandikie aende wapi. Kama huwezi kusema hapana ukabaki umekaa naye, hiyo kazi itakumaliza, bora ukatae mapema. Hata wale wa ndiyo, wengi wanafurahi siku mbili alafu wanaanza kuhesabu shule na ndoa zilizovunjika bure.

Kabla hujasaini waulize: mgonjwa mpya napewa dakika ngapi naye? Dozi ikitulia nani anaendelea kuandika, na yule daktari wa mtaani akikataa, mgonjwa anabaki wa nani? Dawa zikikosekana madukani kama ilivyokuwa 2023, mlifanyaje? Nani mkubwa nitakayempigia nikiwa na shaka? Wakikwambia nusu saa kwa mtu mpya, kataa, hata mshahara uwe wa namna gani.

Babako anauliza kama ulipata ule mzigo wa simsim, aliupa mtu wa Bombo aliyesafiri juzi. Nipigie Jumapili, Jumamosi niko kliniki mpaka magharibi.

Mamako