Kabla ya kusakinisha chochote, tazama nini kinasikiliza

Watu wakiniuliza jinsi ya kulinda kompyuta ya Linux ya nyumbani, wengi wanasubiri jina la programu ya kusakinisha. Mimi huwaambia wafungue terminali kwanza, waandike:

`sudo ss -tulpn`

Amri hii inakuonyesha kila huduma inayosikiliza mtandao, poti yake (namba ya mlango inaoutumia) na programu iliyoifungua. Macho yako yaende kwenye anwani. Inayoanza na 127 inaongea na kompyuta yenyewe tu. Ukiona 0.0.0.0 au [::], huduma hiyo iko tayari kumpokea yeyote anayeweza kuifikia. Hapo ndipo utakuta Samba iliyowekwa ili kuhamisha mafaili mara moja, au VNC, ya kuendesha skrini ukiwa mbali, kwenye poti 5900 ambayo mwenyewe ameshaisahau. Izime; kwa Samba ni `sudo systemctl disable --now smbd`. Septemba 2024 yalitangazwa matundu ya usalama kwenye cups-browsed, huduma ya kutafuta printa inayosikiliza poti 631. Kama huna printa, ya nini kuiacha ikiendelea?

SSH, huduma ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, ndiyo inayostahili muda wako. Ukiiacha wazi kwa intaneti kwenye poti 22, kisha ukasoma `sudo journalctl -u ssh` (Fedora ni `sshd`), utaona mistari kama huu ikijipanga:

`Failed password for invalid user admin`

Baada ya admin wanakuja test, oracle, pi. Usidhani kuna adui anayekujua. Ni roboti zinazopita anwani moja baada ya nyingine zikijaribu nywila za kubahatisha. Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, ilieneza maambukizi kwa njia hiyohiyo, ikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta.

Dawa ni kuachana na nywila kabisa. Kwenye kompyuta unayotokea, tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uupeleke kwa `ssh-copy-id`, kisha kwenye mipangilio ya SSH uweke `PasswordAuthentication no`, `KbdInteractiveAuthentication no` na `PermitRootLogin no`. Usiishie hapo. SSH inashika thamani inayoisoma kwanza, na faili dogo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` linaweza kukutangulia bila wewe kujua. Anzisha huduma upya, halafu uhakikishe:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Na tafadhali, dirisha ulilokwisha ingia nalo usilifunge mpaka uingie upya kwa ufunguo kupitia dirisha jingine.

Kubadilisha poti 22 kuwa nyingine? Kunapunguza kelele, basi. Fail2ban, inayozuia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, nayo sina ugomvi nayo, ila ukishahamia kwenye ufunguo kazi yake inakuwa ndogo.

Fayawoli inakuja baada ya hapo. Kwa ufw, programu rahisi ya fayawoli, `sudo ufw default deny incoming` inatosha watu wengi. Kama uko mbali na mashine, ruhusu SSH kabla ya kuiwasha kwa `sudo ufw enable`. Wanaotumia Docker, ya kuendesha programu ndani ya makontena, wawe macho: poti iliyofunguliwa kwa `-p 8080:80` inapita pembeni ya ufw, na `ufw status` haitakuambia lolote. Andika `-p 127.0.0.1:8080:80`. Kwenye ruta zima UPnP, maana inaruhusu kifaa cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza. Kagua pia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwa sababu huko kompyuta yako kwa kawaida ina anwani yake ya hadharani na haijifichi nyuma ya NAT, yaani anwani moja ya ruta inayotumiwa na vifaa vyote vya ndani.

Masasisho yaache yajiendeshe. Kwenye Debian na Ubuntu ni unattended-upgrades.

Ukihitaji kuifikia mashine ukiwa safarini, mimi napendelea WireGuard, VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani) iliyomo ndani ya keneli, kiini cha Linux, tangu toleo 5.6 la mwaka 2020. Inahitaji poti moja tu ya UDP, na asiye na ufunguo hajibiwi kitu. Hapo SSH inabaki ndani, na poti 22 unaiondoa kabisa kwenye ruta.